Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nyanda za juu kabisa duniani zinatokeaje, na sisi wa Moshi na Arusha zinatuhusu nini

Nimeamua kuandika sehemu moja maana nimechoka kujibu mojamoja kwenye simu. Mi naongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Lemosho mara nyingi, na mtu akishatoka msituni akaiona Shira imetandikwa mbele yake kama uwanja wa mpira lazima aulize inakuwaje pako juu hivi alafu pako bapa. Wageni wanauliza, wagumu, yani wapagazi wetu, wanauliza wakiwa na mizigo kichwani, na tangu mwanangu aanze jiografia ya sekondari hata wenzake wa darasani wananitumia maswali. Majibu mengine nilikuwa nakosea, ntasema wapi.

Uwanda wa juu ni nini hasa? Si ni mlima tu uliokatwa kichwa?

Hapana. Mlima ukiwa stendi ya Moshi asubuhi mawingu yakifunguka unauona wote, mwanzo na mwisho. Uwanda wa juu huuoni namna hiyo maana ukiwa huko umo ndani yake, unaendesha gari siku mbili tatu na bado uko uwandani. Ni ardhi kubwa iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari ila yenyewe kwa yenyewe haina mpando wa kutisha.

Tibet ndio baba lao. Ni kama kilomita za mraba milioni 2.5, yani Tanzania inaingia mara mbili na nusu na chenji inabaki, na sehemu kubwa ya katikati iko karibu mita 5,000. Sasa Meru yetu hapa ni mita 4,566. Mchungaji wa yaki kule anawapigia mluzi wanyama wake akiwa juu kuliko kilele cha Meru, na kwake hapo ni malishoni tu, hajapanda popote. Wa pili ni Altiplano, kwenye milima ya Andes, Bolivia na Peru na kipande cha Ajentina na Chile kule unakoitwa Puna, kwenye mita 3,800 hivi. Wa Irani upo pia lakini huo ni mdogo kwa urefu.

Kwaiyo Shira ni Tibet ndogo?

Hapa ndo nilipoaibika. Miaka kama minne nilikuwa nawaambia wageni Shira imetokea kama Tibet, kwa sababu tu sisi waongozaji tunaiita "plato" na Tibet nayo wanaiita plato. Siku moja mama mmoja mtu mzima, mpole kabisa, akanisubiri tumalize kula ndo akaniambia, kijana, hapo umechanganya mambo. Kumbe amefundisha miamba maisha yake yote. Nilitamani nijifunike na turubai.

Shira ni volkano. Ndo ya kwanza kati ya zile tatu za Kilimanjaro, ikazimika, katikati yake pakabomoka pakawa shimo kubwa, alafu Kibo ilipokuja kuwaka lava yake ikatiririka ikalijaza lile shimo. Kwaiyo ule ubapa unaoukanyaga ni lava iliyojaza bakuli, na ile miamba inayoitwa Shira Cathedral ni mabaki ya ukingo wa bakuli lenyewe. Urefu wake unakaribiana na Altiplano, ila asili hazina undugu. Shira unaizunguka siku moja na mlima wote umri wake ni miaka milioni 2.5 hivi. Nyanda ninazoongelea hapa zinatokana na mabamba ya dunia, yani vipande vikubwa vya ganda la nje vinavyojongea, kubanana kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na hazihitaji volkano kuwepo hata kidogo.

Sasa ardhi nzito hivyo inabebwa na nini?

Swali zuri kuliko yote na ndo linalorukwa. Watu wanaangalia juu, wakati jibu liko chini.

Dunia kwa nje ina ganda, na chini ya ganda kuna mwamba moto mzito zaidi, vitabu vinauita mantili. Mantili sio maji, ni mwamba mgumu kabisa, lakini ukiupa muda mrefu unajongea polepole, kwaiyo ganda linakuwa kama linaelea juu yake. Nenda Ziwa Duluti uangalie magogo majini. Gogo nene linatokeza zaidi juu ya maji, na pia limezama zaidi. Gogo jembamba halitokezi kitu. Ukiona ardhi iko juu sana ujue chini kuna mzizi.

Hesabu yake ndogo, hata kwenye simu unafanya. Ganda la kawaida la bara ni kama kilomita 35. Ukichukua maji kuwa 1, ganda lina uzito wa kama 2.8 na mantili 3.3, tofauti yao ni 0.5. Unataka kunyanyua ardhi kilomita 5? Zidisha 5 kwa 2.8 ugawe kwa 0.5, unapata 28, huo ndo mzizi unaotakiwa kuning'inia chini. Jumlisha 35 ya kawaida, 5 ya juu na 28 ya chini unapata 68. Alafu wataalamu wakipima kwa mawimbi ya matetemeko wanakuta ganda la Tibet ni kama kilomita 70 sehemu nyingi. Mi nilipoifanya mara ya kwanza kwenye hema nikapata 68 nilirudia nikidhani nimekosea.

Huo mzizi nani kauona?

Hakuna aliyeuona kwa macho, ila uligundulika kwa timazi, ileile ya fundi ujenzi. Waingereza walipokuwa wanapima India karne ya 19 walijua kwamba Himalaya kwa ukubwa wake itavuta timazi pembeni kidogo. Mwingereza mmoja anaitwa Pratt akapiga hesabu ya mvuto, akakuta timazi imevutwa kama theluthi tu ya alichotegemea. Mlima mkubwa hivyo, mvuto mdogo hivyo, imekuwaje? Mwaka 1855 Mwingereza mwenzake, Airy, akasema milima ina mizizi myepesi chini yake iliyochukua nafasi ya mwamba mzito, ndo maana mvuto unapungua. Pratt mwenyewe alikuwa na maelezo tofauti, na baadae ikaonekana kila mmoja ana sehemu yake, ila kwa Tibet na Andes Airy ndo anatembea zaidi.

Tibet ilikuwaje mpaka ikawa nene mara mbili?

India. Zamani ilikuwa huku kwetu kusini, imeshikana na Madagaska na Afrika, ikakatika ikaanza kwenda kaskazini kwa mbio kweli, kuna wakati ilikuwa inafika sentimita 15 au zaidi kwa mwaka ambayo kwa bamba ni kama Noah ya Arusha inayowahi abiria. Kama miaka milioni 50 iliyopita ikaigonga Asia. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, na ndo maana karibu na kilele cha Everest kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini.

Kilichofuata ndo cha ajabu, India haikusimama. Mpaka leo inasukuma, jumla ni kama sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka ukilinganisha na Asia ya kaskazini, wanapima kwa satelaiti. Ganda la bara ni jepesi, halikubali kuzama kirahisi, kwaiyo linafanya kile anachofanya mtu akisukuma mkeka sakafuni, linajikunja na kujipandanisha. Mswisi mmoja anaitwa Émile Argand alishasema tangu 1924 kwamba India imeingia chini ya Tibet ganda likawa juu ya ganda. Wengine wanasema hapana, ganda la Tibet lenyewe ndo limebanwa likanenepa kama unavyobana udongo wa mfinyanzi. Ukiniuliza mi, ushahidi unaonyesha vyote viwili, kusini India imeingia chini kweli na huko kaskazini zaidi ni kubanwa.

Sawa imenenepa, lakini kwa nini iwe bapa? Kwa nini isiwe milima tupu?

Hapa kaa vizuri, maana hata vitabu vya shule haviligusi.

Sababu ya kwanza ni joto. Ganda lina madini yanayotoa joto lenyewe kidogokidogo, urani, thoriamu na potasiamu. Ganda likiwa la kawaida hilo joto linatoka juu linapotea. Likiwa nene mara mbili ni sawa na kulala na mablanketi mawili Arusha mwezi wa saba, joto linabaki ndani, na baada ya miaka milioni 20 hivi au zaidi sehemu ya chini ya ganda inalainika, nyingine inayeyuka kidogo.

Sasa fikiria mtori. Mtori ukitoka jikoni wa moto ukaumwaga kwenye sahani unajisambaza wenyewe, hauhitaji kijiko. Ukiuacha ukapoa unasimama, unaweza kuuchonga kilima. Ganda la chini la Tibet ni mtori wa moto na ganda la juu ni ule utando mgumu unaojifanya juu yake. Popote panapotaka kuwa juu zaidi, uzito unasukuma ile laini ya chini ikimbilie pembeni, palipo chini panajazwa, mwisho wa siku juu panakuwa sawa. Miaka ya 1990 walipopima kusini mwa Tibet kwa mitetemo walikuta kweli kwenye ganda kuna matabaka ambayo mawimbi yanapita kwa kuchelewa, dalili ya mwamba ulioanza kuyeyuka. Kuna wanaoenda mbali zaidi wanasema ule mtori unatiririka mpaka nje ya uwanda, upande wa mashariki unasambaa taratibu kuelekea Yunnan huko China, ila ukifika penye ardhi ngumu ya Sichuan unagota, ndo maana ukingo wa milima ya Longmen Shan umesimama kama ukuta, palepale lilipotokea tetemeko kubwa la 2008. Hili la kutiririka mpaka nje wapo wanaolibishia vikali kwaiyo usiende nalo kwenye mtihani kama vile ni aya ya msahafu.

Sababu ya pili ni mito. Hii naipenda maana haina ufundi wowote. Milima inayozunguka uwanda inazuia mvua, ndani panakuwa pakavu, mto ukiwa dhaifu hauna nguvu ya kukata ukingo ufike baharini. Kwaiyo maji yanaishia ndani kwenye maziwa, na tope na changarawe zote za milimani zinaishia humohumo. Miaka milioni kadhaa ya kufagia taka ukiwa umefunga mlango, chumba kinajaa. Altiplano ndo hivyo, ziwa Titicaca linamwaga kwa mto Desaguadero kuelekea ziwa Poopó na safari inaishia hapo, haiendi baharini. Na pale chumvi ya Uyuni, kilomita za mraba kama 10,000, tofauti ya kimo toka mwanzo mpaka mwisho haifiki hata mita moja, wanaitumia kusawazisha vipimo vya satelaiti. Sisi mfano wetu mdogo ni Natron na Manyara, maji yanaingia hayana pa kutokea, ingawa hayo ni mabonde ya ufa na sio haya tunayoongelea.

Ukitaka uone kinyume chake angalia kingo zenyewe za Tibet kusini, Himalaya, mvua inapiga, mito inachimba, hamna ubapa. Bara lilelile, mgongano uleule.

Kwa nini isiendelee kupanda mpaka kilomita 10?

Uzito wake wenyewe. Kupandisha ardhi kunahitaji nguvu, na kila inavyopanda ndo inavyohitaji nguvu zaidi, ikifika kama kilomita 5 inakuwa rahisi kutanuka pembeni kuliko kupanda. Kama foleni ya mwendokasi, watu wakibanwa sana mbele hawarundikani, wanatokea ubavuni. Na Tibet imeshaanza, ina mabonde ya ufa kabisa, yameelekea kaskazini-kusini, maana yake wakati India inaibana kutoka kusini yenyewe inachanika mashariki-magharibi. Watu wa Mto wa Mbu mnalijua Bonde la Ufa mlangoni kwenu, ila letu linachanika kwa sababu nyingine.

Andes hakuna bara lililogonga. Altiplano imetoka wapi?

Kweli, kule ni bamba la bahari la Nazca linaingia chini ya Amerika ya Kusini, halijawahi kusimama kugonga chochote. Watu walidhani ni volkano zimerundikana, lakini volkano hazitoshi kujenga ganda la kilomita 60 hadi 70. Kazi kubwa imefanywa na kubanana, ubavu wa mashariki wa Andes umekunjwa na kusukumwa juu ya mwenzake kwa mamia ya kilomita katika miaka milioni 40 hivi.

Ila kuna mchango wa pili na hapa wataalamu wanakabana makoo. Ganda likizama sana chini kwa unene wake, miamba fulani inageuka, inatengeneza ganeti nyingi, madini mazito mekundu, na inakuwa mizito kuliko mantili yenyewe. Ukiwa na kitu kizito kimening'inia chini ya kitu chepesi, siku moja kinakatika kinazama. Juu panashtuka, panapanda, kama mgumu akitua mzigo mgongoni, na mantili moto inakuja kuziba nafasi, volkano zinafumuka. Kusini kwa Puna dalili za hili ni nyingi. Wapo waliosema Altiplano ilipanda kwa ghafla hivyo kati ya miaka milioni 10 na 6 iliyopita, wengine wakasema hapana, imepanda taratibu muda wote. Mi naona kila kipande kimepanda kwa ratiba yake, na hata wataalamu wengi siku hizi wanaelekea huko.

Kwani Tanzania si tuko uwandani pia?

Tuko. Kutoka Singida mpaka Ziwa Victoria ni uwanda, ziwa lenyewe liko mita 1,134. Lakini fanya ile hesabu ya mzizi uone inagoma. Ganda letu ni kama kilomita 40 tu, halijanenepa na hakuna bara limetugonga hivi karibuni. Kinachotunyanyua ni mantili moto inayopanda kutoka chini sana, ndiyo pia iliyoinua Ethiopia baada ya kuimwagia lava nyingi mno kama miaka milioni 30 iliyopita. Sisi ni chapati iliyofura kwa moto wa chini, Tibet ni chapati mbili zimewekwa juu ya nyingine.

Wanajuaje Tibet ilikuwa na urefu gani zamani, kulikuwa na mtu na GPS?

Maji na majani. Wingu likipanda mlimani linaanza kudondosha maji yenye oksijeni nzito, kwaiyo mvua ya juu inabaki na nyepesi. Mvua hiyo ikiingia kwenye udongo na kutengeneza chokaa, ile alama inabaki mamilioni ya miaka, mtu wa maabara anaisoma. Upande wa majani ni rahisi zaidi. Katikati ya Tibet, kwenye mita 4,600 na kitu, wamekuta majani ya mchikichi au ndugu zake yaliyogeuka jiwe, umri kama miaka milioni 25. We umeshawahi kuona mnazi Barafu Camp? Basi ndo hivyo, wakati ule hapo palipoota hapakuwa juu namna hii. Milima ya kandokando inaonekana ilikuwa juu tayari na katikati pakiwa bonde, alafu bonde likaja kupanda baadae.

Na nyanda za kale je, ziko wapi?

Zimeisha. Kitu kilicho juu kinaliwa na mvua. Na ukumbuke inaelea, ukiikata juu inanyanyuka kutoka chini, kwaiyo ili uso ushuke kilomita moja inabidi uondoe kama kilomita sita na ushee za mwamba. Mmomonyoko unakula, mzizi unapanda, unakula tena, mpaka siku moja kilichokuwa kilomita 30 chini kinaota jua na mbuzi wanakikanyaga.

Na hicho kitu, ndugu zangu wa Arusha na Moshi, kiko hapa. Ukitoka KIA ukaelekea Mirerani umekanyaga ukanda wa Msumbiji, jina alilolitoa Arthur Holmes mwaka 1951, mshipa wa milima ya kale unaotoka Msumbiji unapita kwetu unaenda Kenya na Ethiopia mpaka Uarabuni. Kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, vipande vya mabara viligongana hapa vikaunda Gondwana, bara moja kubwa la kale, na kwenye kile kipande cha mashariki India hiyohiyo ilikuwemo. Imetugonga sisi kwanza ndo ikaja kwenda kuigonga Asia, ina tabia hiyo.

Wanaapolo, wachimbaji wa tanzanaiti wanaokesha chini Mirerani, wanachimba ndani ya huo mzizi. Ule unga mweusi unaowapaka mwili mzima ni grafaiti, ambayo kabla ya kubanwa na kupikwa ilikuwa tope la bahari lenye mabaki ya viumbe. Tanzanaiti ikaja kujitengeneza humo wakati milima ile inaelekea kupoa, ikakaa ikisubiri mpaka 1967. Dogo mmoja jirani yangu alitoka huko msimu uliopita hana hata jiwe la kuuza, mfukoni ana kipande cha mwamba chenye mistari myeusi na myeupe na vidoti vyekundu vya ganeti, akasema chukua kaka, hiki hakinunuliki. Nimekiweka dirishani. Ukikigeuza juani unaona mistari haijanyooka, imejiviringa kama moshi, maana yake jiwe hili kuna siku lilikuwa laini, lile lile jambo la mtori, isipokuwa hili limepoa na unalishika mkononi.

Kwaiyo Upare na Usambara ni mabaki ya hiyo Tibet yetu?

Miamba yake ndiyo, milima yenyewe sio. Hapa wengi wanateleza. Milima ya kale iliisha ikawa tambarare zamani sana. Hii tunayoiona Same na Lushoto ni vipande vilivyonyanyuliwa baadae kwa kukatika kwa ganda, imetumia mawe ya zamani kama fundi anavyotumia matofali ya nyumba iliyobomolewa.

Kuna uhakika gani kwamba hapa palikuwa na uwanda wa juu na sio milima ya kawaida?

Ushahidi ni wa aina ya polisi, hamna aliyeshuhudia. Kwanza shinikizo. Madini ya Pare, Usambara na Uluguru yanaonyesha yalipikwa kilomita 30 hadi 40 chini, kwenye joto la nyuzi 800 hivi, kama miaka milioni 640 iliyopita. Leo yako juu, na chini yake bado kuna ganda la kilomita 35 hadi 40. Kwa hesabu ya juujuu jumlisha mwenyewe, unarudi kwenye namba za Tibet. Naita ya juujuu maana ganda linaweza kuongezewa chini na magma, yani mwamba ulioyeyuka, baadae, kwaiyo usiape nayo.

Pili ni muda. Mlima mwembamba unapanda unashuka na hauwahi kuiva. Ukikuta miamba imekaa kwenye joto kali makumi ya mamilioni ya miaka, katika eneo pana, hapo palikuwa na blanketi nene juu yake. Kanada wanayo Grenville, kama miaka milioni 1,090 hadi 980, na wengi wanaamini ilibeba uwanda kama Tibet. Ulaya, milima ya Variska iliyoko Cheki na Ufaransa ya kati, miaka milioni 340 hivi, nayo wanaihisi hivyohivyo, na inaonekana ilipochoka ilisambaa ikaporomoka chini kwa uzito wake. Ya kwetu wanaifananisha na Tibet pia. Mi nakubali unene na joto. Kimo kamili cha juu siwezi kumtajia mgeni na mtu yeyote akikutajia kwa mita, muulize alipima na nini.

Huko juu maharage yanaiva?

Yanaiva ukiwa na gesi nyingi. Kila mita 300 unazopanda maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu hivi, Arusha mjini kama 95, Titicaca kama 87. Ndo maana mpishi wetu akifika Shira hataki kusikia habari ya maharage makavu.

Hizi nyanda zinatuhusu nini sisi?

Mdau wa Tanga aliniuliza hili kwa dharau kidogo. Kaka, kusi na kaskazi ni sehemu ya mfumo wa monsuni, na monsuni ya Asia inapata nguvu kwa sababu ya milima ya kule. Zamani walifundisha kwamba Tibet inapashwa na jua kama bati inavuta hewa. Siku hizi wengi wanasema kazi kubwa inafanywa na Himalaya yenyewe kama ukuta, inazuia hewa kavu na baridi ya kaskazini isichanganyike na hewa yenye unyevu ya India. Vyovyote vile, jahazi la babu yako lilisukumwa na upepo huo.

Nataka kuuona huo mzizi kwa macho, niende wapi?

Usihangaike na Mirerani kama huna shughuli, kuna ukuta na geti na utaulizwa maswali. Panda basi la kuelekea Same, shuka kabla hujafika mjini palipo na mahali barabara imekata mwamba, omba ruhusa kwa wenye eneo, angalia ile mistari. Tafuta vidoti vyekundu. Nenda asubuhi, jua la Same likishafika saa tano halina utani, na usisimame upande wa kona maana malori ya Dar yanashuka pale hayajali kama we unaangalia mawe.